Kumfuga Konokono ni Kuyafuga Maji

Rumonge ni mji wa samaki na mawese. Asubuhi ndagala wametandazwa juani, mukeke wanagombewa na wachuuzi, na majerikani ya mafuta mekundu yamepangwa yakisubiri gari la Bujumbura. Katika shughuli hiyo yote konokono hatajwi. Mimi namtaja. Kumtunza konokono wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo, akakua na akazaa, ni ufundi kamili, na sisi wa mwambao huu ndio tungestahili kuwa walimu wake.

Konokono wetu wana historia. Mwaka 1858 msafiri Speke alifika Tanganyika pamoja na mwenzake Burton, akarudi Uingereza na magamba kadhaa. Mwaka uliofuata Woodward akayaeleza mbele ya wataalamu wa London, na mmoja wa konokono wale leo anaitwa Spekia. Magamba ya ziwa hili yalifanana mno na ya baharini, mazito, yenye matuta na miiba, hata J. E. S. Moore akaandika kitabu mwaka 1903 akitetea hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Hoja hiyo haikusimama. Watafiti waliokuja baadaye waliwatazama kaa. Ziwa lina kaa wake lenyewe, wenye magando ya kuvunjia, na kwa vizazi visivyohesabika konokono wa gamba jembamba ameliwa, wa gamba nene akabaki. Mshike Lavigeria, mmoja wa konokono wa ziwa hili, kiganjani uone: mbavu zimesimama kutoka juu hadi chini, mistari ya kuzunguka inazikata, na kidole kikipita juu yake kinakwaruzwa.

Gamba hilo ni chokaa, na chokaa hutoka majini. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na pH yake inakaribia 9. Ndiyo maana magamba matupu ya Neothauma, konokono mkubwa wa mchangani, hayayeyuki, bali hulala chini ya ziwa mamia ya miaka na kurundikana yakawa mtandiko mpana. Mhamishe konokono wa maji hayo umtie katika maji laini ya mvua, na gamba lake litaanza kuliwa. Huliwa kwanza nchani, sehemu aliyoijenga utotoni, ambayo hawezi tena kuipaka chokaa kwa nje. Huko kunaonekana yaliyompata zamani. Mfugaji stadi hutazama mdomo wa gamba, maana pale ndipo ujenzi unapoendelea. Ukiona ukingo mwembamba, safi, wenye rangi mbichi kuliko sehemu nyingine, maji yako yanamfaa. Ukiona ukingo uliokatikakatika au uliosimama bila kusogea kwa miezi, usimlaumu mnyama.

Kwa hiyo kazi ni ya maji kabla ya kuwa ya konokono. Aliyeko Rumonge ana bahati: atachota ziwani, mbali na mitaro na bandari, na kuyaacha maji siku mbili kwenye ndoo iliyofunikwa. Tope hutua, na viluwiluwi vya kichocho, kama vilikuwemo, hupoteza nguvu ya kupenya ngozi ya mtu. Wa mjini anayetumia maji ya bomba ayaache vivyo hivyo ili klorini itoke, kisha atandike chini ya tangi changarawe ya chokaa. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, kama lilivyo juu ya ziwa. Pampu ya hewa isizimwe, kwa sababu konokono hawa hupumua kwa matamvua, si kwa kuja juu kuvuta hewa.

Halafu ngoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Tangi jipya, hata liwe safi namna gani, bado halina uhai usioonekana, yaani bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu kuwa kitu chenye madhara madogo. Bakteria hao huhitaji wiki nyingi kujijenga juu ya mawe na ndani ya sponji ya chujio. Na amonia ni sumu kali zaidi katika maji yenye pH ya juu kama yetu. Kipande cha tango kilichosahauliwa, ambacho kwenye maji mengine kingekuwa uchafu tu, hapa kinaweza kuua. Badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji uisuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Ya bomba yatawaua bakteria uliowangoja muda wote huo.

Chakula chake ni ule utelezi wa kijani juu ya jiwe. Lavigeria wengi ni wa miamba, kama ile ya upande wa Minago na Magara, na hulamba jiwe kwa ulimi wenye safu za vijino. Njia ninayoisifu kuliko zote ni ya mawe mawili: moja liko tangini, jingine liko juani ndani ya beseni la maji likiota kijani. La kwanza likishakuwa tupu, unaweka la pili mahali pake. Usiku, kwa tochi yenye mwanga hafifu, ukisogeza jicho karibu na kioo, utauona mdomo ukifunguka na kufumba, na nyuma yake njia safi imebaki kwenye ukungu wa kijani. Akishikamana na jiwe usimvute kwenda juu. Msogeze kwa ubavu polepole hadi aachie, kisha mrudishe akiwa amekaa kwa mguu wake, si chali.

Adui mkubwa wa konokono ni shaba. Mrututu, ambao mkulima huutumia kwenye mimea, ulitumika zamani kuua konokono wa kichocho, na dawa nyingi za samaki wa mapambo zina shaba hiyo hiyo. Kipimo kinachomponya samaki kinamwangamiza konokono aliye pembeni yake. Soma kibandiko cha chupa kabla ya kumwaga hata tone.

Kuhusu kichocho, mwambao huu haufai kuzungumziwa kwa mzaha. Anayebeba kichocho cha matumbo ni Biomphalaria: gamba lake limejikunja bapa na mlango wake hauna kifuniko. Lavigeria na Neothauma wana kifuniko, na wakitishika hujifunga ndani. Asiye na kifuniko mwache alipo, usimguse, na usikusanye chochote kwenye majani ya pwani penye maji yaliyotuama. Wa miambani nao uchukue wachache tu, baada ya kuwauliza wahusika wa mazingira, kwa kuwa baadhi ya aina huishi kipande kidogo cha pwani na hazipatikani kwingine kokote duniani.

Magamba matupu ya Neothauma nayo yana wenyewe. Dume la samaki aitwaye Lamprologus callipterus huyabeba mdomoni moja moja na kuyarundika. Majike, ambao ni wadogo sana kando yake, huingia humo kutaga. Kila gunia la magamba linalotolewa ziwani ni makazi yaliyobomolewa. Wafugaji wa Ulaya wamezoea kuwawekea samaki hao magamba ya konokono wanaoliwa Ufaransa, na samaki hawalalamiki. Tuige hilo. Na tuitazame milima yetu: kila mvua inayoshusha udongo wa mashamba hufunika mawe kwa tope, na juu ya tope Lavigeria hana cha kulamba.

Ukihama, au ukichoka, mpe mfugaji mwingine konokono wako pamoja na mawe yake. Konokono akifika kusiko kwao huweza kuleta balaa: mwaka 2020 konokono mgeni wa Amerika ya Kusini, Pomacea, aliripotiwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na wakulima wangali wanapambana naye. Nakusihi, usimwage tangi lako ziwani wala mtoni, hata kama wanyama wake walitoka humo humo: maji ya tangi hubeba mayai na maradhi ambayo Tanganyika haijawahi kuyaona.