Hawala na Masharti Yake: Fedha, Lugha na Hadhira katika Mandabi ya Ousmane Sembène

Uhakiki wa filamu za Kiafrika aghalabu umeshughulikia maudhui na fani, ukaliacha kando suala la fedha kana kwamba ni jambo la karani wala si la msanii. Lakini filamu si shairi. Mshairi asiye na kalamu aweza kutunga kwa kichwa. Mtengenezaji wa filamu hawezi kupiga hata picha moja kabla ya kupata kamera, utepe na mafundi. Kwa hiyo mtoa fedha huwa amekwisha kuingia ndani ya kazi kabla mtazamaji hajaketi. Ni filamu chache zinazodhihirisha jambo hili kama Mandabi, aliyoitoa Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1968 kutokana na hadithi yake mwenyewe, Le Mandat.

Kisa chake ni chepesi. Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, apata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni amana. Zilizo zake ni 2,000 tu. Posta yadai kitambulisho. Kitambulisho chadai cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Na kila dirisha lampeleka kwenye dirisha jingine. Wakati huohuo madeni yazidi, kwa kuwa mtaa mzima umekwisha kusikia kwamba Dieng ni tajiri. Mwishowe Mbaye, jamaa yake msomi, azichukua fedha kwa niaba yake, kisha amwambia kwamba zimeibwa. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dieng afilisika kwa fedha ambazo hakuzishika.

Jambo ambalo wahakiki wengi hawakulitilia mkazo ni kwamba filamu yenyewe ilikuwa hawala kutoka Paris. Taasisi ya serikali ya Ufaransa inayosimamia sinema, Centre national de la cinématographie, ilitoa sehemu ya gharama, na mtayarishaji alikuwa Mfaransa. Fedha hizo nazo zilikuwa na masharti. Ilibidi patengenezwe filamu mbili, moja kwa Kiwolofu na moja kwa Kifaransa. Rangi pia ilitokana na shinikizo la mtayarishaji. Sembène mwenyewe alipendelea nyeusi na nyeupe, kwani alichelea rangi isije ikaigeuza dhiki ya watu kuwa pambo.

Sharti la lugha ndilo zito zaidi. Sembène aliingia katika sinema, akaenda kujifunza Moscow mwaka 1962, kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kuvisoma vitabu alivyoviandika kwa Kifaransa. Katika Mandabi, Kifaransa ni lugha ya dirisha la posta. Ndiyo inayomfanya Dieng mtoto mbele ya makarani wenye umri wa wanawe. Mhusika huyo akitiwa Kifaransa kinywani, mgogoro wote walegea, maana aliyefungiwa mlango aonekana ameshika ufunguo. Hata hitimisho, ambapo mpeleka barua amwambia Dieng kwamba mambo yatabadilishwa na watu wenyewe, lina sura mbili. Kwa Kifaransa ni mahubiri, na yaonekana kubandikwa mwishoni. Kwa Kiwolofu ni maneno ya jirani kwa jirani. Udhaifu wa kisanaa wa tamati hiyo haukwishi kabisa, lakini wapungua hadhira inapokuwa ndiyo inayosemeshwa.

Hata hivyo, kuipata hadhira hiyo kulikuwa mtihani wa pili. Makampuni mawili ya Kifaransa, COMACICO na SECMA, ndiyo yaliyotawala usambazaji wa filamu katika nchi za Afrika Magharibi zilizotawaliwa na Ufaransa. Filamu ya Mwafrika iliweza kuonyeshwa Venice, kama Mandabi ilivyoonyeshwa mwaka 1968, kabla haijapata njia ya kufika mji wa jirani. Ndiyo maana tamasha lililoanzishwa Ouagadougou mwaka 1969, na hatua ya Upper Volta ya kutaifisha majumba ya sinema mwaka 1970, si matukio ya pembeni katika historia ya sanaa hii. Sembène naye alizoea kuzibeba filamu zake hadi vijijini na kuzijadili na watazamaji.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kuikataa fedha ya kigeni, basi. Kazi za baadaye zauonyesha upungufu wa hoja hiyo. Xala, ya miaka ya 1970, ilipata fedha za shirika la sinema la Senegal, lakini wakaguzi wa Senegal waliikata. Sembène akagawa vikaratasi kuwaeleza watazamaji yaliyoondolewa. Ceddo (1977) ilipigwa marufuku nchini humo, kisingizio kikiwa tahajia ya herufi d mbili katika jina lake. Karani wa dirishani, basi, aweza kuwa mwenyeji. Jibu lenye nguvu zaidi lilikuwa Camp de Thiaroye (1988), iliyogharimiwa na Senegal, Algeria na Tunisia bila fedha za Ufaransa; na kisa cha askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa mwaka 1944 kisingeweza kungojea hisani ya Paris.

Afrika Mashariki ilikipokea kisa cha Dieng kwa njia nyingine. Amandina Lihamba alikigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980. Tamthilia yahitaji waigizaji na uwanja. Haingojei maabara ya ng'ambo. Lakini mchezo huisha pale ulipochezwa, ilhali filamu yaweza kusafiri. Kwa hiyo swali ambalo Mandabi yauliza halijazeeka: si nani atakayetoa fedha tu, bali fedha hizo zitakapofika, ni kwa lugha ya nani zitatiwa sahihi, na nani atafunguliwa mlango aone.