Wageni wa Pembeni

Ami hainui kamera usoni. Huishusha mpaka usawa wa tumbo, akafungua kifuniko cha juu, akainama kama mtu anayechungulia kisima. Ni Yashica ya lenzi mbili, ya roli yenye picha 12 tu, na katika kile kioo chake dunia huonekana imepinduliwa ubavu: kulia ni kushoto, kushoto ni kulia. Asubuhi ile ya Novemba tulikuwa kando ya barabara ya mashambani, kusini ya Dallas. Mbele yetu uzio wa seng'enge, konde lenye marobota ya nyasi kavu, na mwaloni mmoja uliokwisha kushika rangi ya kutu. Dakika 40 zilipita. Hakupiga hata moja.

"Unatafuta nini, Ami?"

"Kuna mgeni. Namtafutia mlango."

Hapakuwa na mtu, wala ng'ombe. Akanisogezea kamera nichungulie. Mgeni alikuwa nguzo ya uzio, imejitokeza ukingoni kwa upana wa kidole, imepakwa rangi ya zambarau. Kwa sheria ya Texas, tangu 1997, rangi hiyo kwenye nguzo au kwenye shina la mti ni sawasawa na kibao cha kukataza watu kuingia. Karibu ardhi yote ya jimbo hili ina wenyewe, kwa hiyo anayependa kupiga picha za shamba huishia barabarani, pua kwenye waya. Ami alisogea nusu hatua, akakunja magoti yake mabovu, nguzo ikatoka. Ikatoka pamoja na waya uliokuwa umelikata shina la mwaloni katikati. Ndipo nikasikia ule mlio mdogo wa kamera, kama mtu aliyefyonza jino.

"Katikati kila mtu anapaona," alisema akizungusha filamu. "Wageni huingilia pembeni."

Kazi hii aliipata Mombasa, katika studio ya Mji wa Kale, akianza kwa kushika taa na kuvuta pazia lililochorwa. Ilikuwa Mombasa ya wapiga picha akina Parekh, na ng'ambo kule Unguja Oza alikwisha fungua Capital Art Studio tangu 1930. Ami hasimulii sana habari za mashine. Husimulia bwana wake alivyokuwa akimtazama mteja kuanzia pembe za pazia kuja ndani: kandambili za mtoto zimebaki zuliani, ziondolewe, pindo la buibui limejikunja, linyooshwe, mkono wa ami wa bi harusi umeingia, utolewe. Uso aliuacha mwisho. Negativu moja ilikuwa fedha, na mteja angerudi Ijumaa kuichukua picha ikiwa imesafishwa na kukatwa kingo. Aibu ya kandambili ingekaa ukutani kwa watu miaka 50.

Siku hizi hatuna aibu hiyo. Jumamosi za Novemba utatukuta, watu wa Irving na Arlington, tumevaa vitenge vya sare, tumejipanga mbele ya mti wowote mwekundu. Simu inainuliwa, inapiga 30 kwa mkupuo, na nyuma yetu pipa la taka, gari la jirani na nusu ya mtoto wa watu. Wenye bidii huendesha mpaka Lost Maples, kusini-magharibi huko, ambako maegesho hujaa, wakarudi na msitu mzima ndani ya simu. Msitu mzima, na hakuna mti hata mmoja ndani yake. Nami nimo katika kundi hilo. Simu yangu ina picha nyingi ambazo sijazitazama mara ya pili.

Pengine tatizo linaanzia kwenye neno. Kwetu vuli ni mvua ndogo, ni mbegu na matope. Huku tumelichukua neno lilelile tukalibandika kwenye majani yanayokufa, kisha tunashangaa macho yetu hayajui yatazame nini.

Lakini pwani tuna mkungu. Uani kwa bibi, Tanga, ulikuwapo mmoja, na mkungu ndio mti uliotufundisha rangi hizi kabla hatujapanda ndege. Jani lake halikauki kimyakimya. Huwaka kwanza: wekundu unaanzia ukingoni, unaingia ndani polepole, mpaka kijani kinabaki kwenye mishipa tu kama ramani ya mito. Bibi aliamka alfajiri akaufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, mistari ikabaki mchangani, imepindana kama mawimbi madogo ya maji kupwa. Nilipotoka kwenda chuoni, msahafu kifuani, nilikuta jani moja limeanguka baada yake. Moja tu. Jekundu, limelala kifudifudi juu ya mchanga uliochanwa, halikuwa katikati ya uwanja wala halikuwa pembeni. Nililipita kwa nje, kwa mzunguko, nisiharibu ile mistari. Sikuwa na kamera, wala hakuna aliyenifundisha kitu. Mguu wenyewe ulikataa kukanyaga.

Nilimhadithia Ami habari hiyo garini. Akakaa kimya mpaka tukapita vituo viwili vya mafuta.

"Basi usiniletee msitu tena," akasema. "Niletee lile jani."

Jumba la makumbusho la Amon Carter, kule Fort Worth, huingia mtu bila kulipa, na ndiko zilikohifadhiwa kazi za Eliot Porter, aliyesomea udaktari Harvard kisha akauacha kwa ajili ya picha za rangi za ndege na majani. Mwaka 1979 jumba la Metropolitan la New York lilizionyesha picha zake, na maonyesho yakaitwa "Mandhari ya Karibu", nikilitafsiri mimi. Ami alinipeleka Fort Worth Jumapili moja. Katika picha aliyosimama mbele yake kwa muda mrefu zaidi hapakuwa na mbingu kabisa. Ni majani tu, mawe na maji kidogo. "Mbingu ya mawingu ni shuka jeupe," alinong'ona, "ukiiacha iingie, jicho litakwenda kulala huko." Lakini wingu lenyewe alilipenda. Jua kali, alisema, linalipaka jani mafuta. Siku ya mawingu jani linarudi kwenye rangi yake. Wenzetu siku kama hiyo hubaki nyumbani.

Houston mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa huko miti mingi hukaa kijani mpaka karibu na Krismasi. Wekundu wa mji ule hutoka sana kwa mti ulioletwa kutoka China, ambao Texas imeuweka kwenye orodha ya mimea haribifu. Ami humcheka kila anayeulaani huku akiupiga picha.

Sisi wa Dallas na wao wa Houston tulikuwa tukikutana Fairfield, kandokando ya I-45, kidogo upande wetu. Palikuwa na hifadhi ya jimbo, na ziwa lililotengenezwa kwa ajili ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Watu walianza kupokewa pale mwaka 1976, juu ya ardhi iliyokuwa ya kampuni. Mtambo ulizimwa 2018. Mwaka 2023 ardhi ikauzwa kwa mjenzi wa Dallas, na mwezi Juni lango likafungwa. Serikali ya jimbo ikapiga kura kuitwaa kwa nguvu ya sheria, kisha ikaacha. Ami alikuwa na mti wake pale, ulioinamia maji kwenye kihori kimoja. Kila Novemba aliupiga picha moja, akisimama juu ya jiwe lilelile, na kila mwaka alisema bado. Mara tawi limegusana na kivuli chake majini, mara upepo. Zilibaki picha za mti mmoja za miaka mingi, na hakuna aliyoikubali.

Sasa yuko Houston kwa bintiye, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Daktari bado anamzungusha kwa tarehe. Yashica iko juu ya kabati, imefunikwa kanga.

Novemba iliyopita nilikwenda peke yangu. Nje kidogo ya Fairfield, kando ya mfereji wa barabara, nilikuta jani moja la mwaloni juu ya matope yaliyopasuka. Niliinama, nikapiga kwa simu mara moja tu, nikajisifu, nikamtumia. Mjukuu wake akaikuza kwenye televisheni. Nilikuwa nimefika Corsicana, sauti yake ikaingia.

"Nzuri, mwanangu. Ila pale chini, kulia, kuna kitu cheupe kinanichoma jicho."

Niliegesha, nikaikuza kwa vidole viwili. Kipande cha kikombe cha plastiki, si kikubwa kuliko ukucha. Jua lilikuwa limebakiza shubiri moja. Nikageuza gari.