"Kinga" na "Kichocheo" katika Maandishi ya Afya: Uhakiki

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa uwezo wake wa kubeba dhana bila kuipotosha. Kwa kipimo hicho tuihakiki sentensi ya namna ambayo wafasiri wa vijitabu vya afya huiandika mara nyingi: "Vitamini D na vichocheo vya mwili huongeza kinga na kuzuia magonjwa ya njia ya hewa." Sarufi yake haina kasoro. Kasoro zimo katika maneno matatu: kinga, vichocheo na kuzuia.

Neno kinga lina kazi mbili. Tusemapo kinga ni bora kuliko tiba, tuna maana ya kuuepuka ugonjwa. Tusemapo kinga ya mwili, tuna maana ya mfumo unaopambana na vijidudu. Mfasiri asipozitenga maana hizo, msomaji huelewa kwamba akimeza vidonge hataugua. Aidha, kitenzi huongeza chadokeza kuwa kinga ni kama nafaka ghalani, ambayo kadiri inavyozidi ndivyo heri inavyozidi. Sivyo. Katika nimonia kali, sehemu kubwa ya madhara huweza kuletwa na mapambano ya mwili wenyewe yaliyopita kiasi. Mwaka 2020, jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa inayoyatuliza mapambano hayo, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliopumulia mashine kwa theluthi moja, na vya waliopewa oksijeni pasipo mashine kwa sehemu moja ya tano. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika.

Hapo ndipo kichocheo kinaposhindwa kazi. Deksamethasoni hufanya kazi kwa mfano wa kortisoli, homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo. Tukiiita kortisoli kichocheo, itatubidi tuandike kwamba kichocheo hutuliza. Watetezi wa neno hilo watajibu kuwa Ernest Starling, aliyelieneza neno la asili mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Ni kweli. Lakini Mwingereza wa kawaida hakisikii Kiyunani ndani ya neno lake, ilhali mtoto wetu achocheaye moto jikoni hukisikia kitenzi chake waziwazi. Isitoshe, walimu wa kemia hulitumia kichocheo kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko. Homoni limekwisha kuzoeleka, na litumike.

Jina vitamini nalo lahitaji maelezo ya mwalimu. Vitamini D hupatikana katika baadhi ya vyakula, lakini kwa watu wengi hutengenezwa zaidi na ngozi ipatapo jua. Kisha ini na figo huigeuza kuwa kitu kifanyacho kazi kama homoni. Jina lake ni la kihistoria, wala halielezi tabia yake yote.

Limebaki neno kuzuia. Uchambuzi wa majaribio 25 uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa vitamini D hupunguza kidogo maambukizi ya njia ya hewa, hasa kwa waliopungukiwa nayo sana. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2025 haukuuthibitisha upungufu huo. Huko Brazili, jaribio lililotolewa mwaka 2021 lilionyesha kuwa dozi moja kubwa haikufupisha siku za kulazwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Basi kuambukizwa ni jambo moja, na ukali wa ugonjwa ni jingine. Neno kuzuia halifai kwa lolote kati ya hayo mawili.

Twapendekeza iandikwe hivi: "Upungufu wa vitamini D huenda ukahusiana na ukali wa magonjwa ya njia ya hewa, baadhi ya homoni huweza kuuzidisha ukali huo au kuupunguza." Sentensi hii haina mvuto wa ile ya kwanza. Hata hivyo, haitamfanya mtu aache chanjo kwa kutumainia vidonge, wala haitamtuma mwenye kikohozi chepesi akajinunulie deksamethasoni ili "aongeze kinga", kumbe anaipunguza.