Kina Kilichomo Mkononi

Katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alishikilia sharti ambalo wengi wetu tumelelewa nalo: shairi ni wimbo, na utungo usioimbika haustahiki jina hilo. Nimelitetea sharti hili miaka mingi. Leo nalitilia shaka, na mashahidi wangu ni vijana wawili niliowakuta stendi ya mabasi ya Makambako, mji ambamo njia ya Njombe na Songea huiacha barabara kuu iendayo Mbeya.

Walikuwa wakirejea shule ya viziwi Njombe baada ya likizo. Mmoja aliketi kando ya shangazi yake, kimya, kama mzigo miongoni mwa mizigo. Mara akamwona mwenziwe ng'ambo ya uwanja. Mikono ikafunguka, uso mzima ukanena. Shangazi akaniambia, “Nyumbani hana wa kuzungumza naye, baba.” Kumbe kijana yule alikuwa ugenini mwezi mzima, na sasa ndipo anakwenda kwao.

Lugha yetu nayo haikumsaidia. Mtoto mkaidi twasema “hasikii”. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumelifanya sikio kuwa mlango wa adabu, kisha wa ushairi. Jina “kiziwi” wenyewe wamelikubali, hata likaingia katika jina la chama chao, CHAVITA. “Bubu” hawalitaki, na wana haki, kwani si mabubu.

Wakaanza mchezo. Mmoja hutoa alama, mwenziwe hujibu kwa alama nyingine yenye umbo lile lile la kiganja, anayekwama ameshindwa. Kanuni hii aliniandikia mmoja wao daftarini, kwa Kiswahili safi. Mwaka 1960 William Stokoe wa Marekani alibainisha kwamba alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake. Basi umbo linaporejea alama baada ya alama, hicho ni nini kama si kina?

Nitaambiwa ni mchezo wa watoto. Naam, na malumbano ya malenga je?

Nilijaribu kuufasiri kwa ajili ya ukurasa huu. Nimepata maneno sita ya Kiswahili, yasiyo na kina hata kimoja baina yao.