Buabua Mwenye Samaki Mdomoni

Safari ndefu ya tanga ikikaribia kwisha, mabaharia wengi huanza kulegea. Maji ya kunywa yametosha, upepo unakwenda vizuri, na mazungumzo yameshahamia nchi kavu: nani atakula nini, nani atakwenda kumwona nani. Anayeongoza chombo bila dira wala ramani hana nafasi hiyo. Kwake usiku wa mwisho ni mzito kuliko usiku mwingine wote uliotangulia, kwa sababu hesabu aliyoibeba kichwani mwezi mzima sasa inadaiwa jibu. Kesho kisiwa kitakuwepo mbele, au hakitakuwepo.

Nikiufikiria usiku huo namfikiria Mau Piailug. Alizaliwa mwaka 1932 Satawal, kisiwa cha Maikronesia kisichofika hata kilomita mbili za mraba, katika ukoo wa waongozaji wa vyombo. Babu yake alimchagua akiwa bado mtoto mchanga, akawa anamlaza katika vidimbwi vya ufukweni ili mwili uzoee mwendo wa maji kabla akili haijaanza kuuliza maswali. Baadaye akafundishwa nyota, mawimbi na ndege, yote kwa mdomo, bila kuandika herufi moja.

Mwaka 1976 Wahawaii walimwomba awaongozee Hōkūleʻa mpaka Tahiti. Chombo hicho, chenye urefu wa karibu mita 19, ni mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba na kuwekewa jukwaa katikati na milingoti miwili. Kiliundwa kwa mfano wa vyombo vya kale, kwa sababu kulikuwa na wataalamu walioshikilia kwamba Wapolinesia wa zamani walivifikia visiwa vyao kwa kubahatisha tu, wakisukumwa na upepo na mikondo. Huko Hawaii hakuna aliyebaki na ujuzi wa kuwajibu. Mau alikuwa nao, ingawa alikuwa hajawahi kufika Tahiti na sehemu kubwa ya njia ilikuwa ngeni kwake. Walitoka Maui tarehe 1 Mei, na mwanzoni mwa Juni wakakiona Mataiva, kisiwa cha matumbawe kilicho kaskazini ya Tahiti. Siku chache baadaye waliingia bandari ya Papeete, wakakuta maelfu ya watu wamejaa ufukweni kuwapokea.

Umbali wa safari hiyo ni maili 2,500 hivi. Ukipotoka digrii moja tu tangu mwanzo na usijirekebishe, mwisho wa njia utakuwa umekikosa kisiwa kwa maili 40 na ushei. Nacho kisiwa cha matumbawe hakina mlima. Kinachoonekana kutoka chomboni ni ncha za minazi, labda kwa maili kumi kukiwa kweupe kabisa. Anayepiga hesabu za namna hii juu ya karatasi atasema haiwezekani, na atakuwa amesahau mambo mawili.

La kwanza, mwongozaji hakilengi kisiwa kimoja. Kaskazini na mashariki ya Tahiti kuna visiwa vya Tuamotu, zaidi ya 70, vilivyotandaa kama wavu kwa urefu wa kilomita 1,500 hivi. Yeye hulenga wavu wote. Akishakamata kisiwa chochote, anajua alipo na anajua Tahiti iko upande gani. La pili, kisiwa hakianzii ufukweni. Kinaanzia mbali baharini, pale ndege wake wanapofika kuvua. Vilevile visiwa hivyo huyakinga mawimbi mapana ya kusini-mashariki, kwa hiyo chombo kikiingia nyuma yake, mtikiso uliozoeleka siku nyingi unapungua. Mau alikuwa akijilaza ndani ya mtumbwi ili ayasikie mawimbi kwa mgongo, ayatenganishe: hili linatoka mashariki, hili limeletwa na upepo wa jana, hili linavunja lile. Mtu wa kawaida angeona bahari imechafuka tu.

Nyota nazo zinataka uangalifu wa aina yake. Kwa kawaida nyota inatoa mwelekeo wa kuaminika inapochomoza au inapotua tu. Ikishapanda juu haikuelekezi tena, na lazima umshike mwenzake anayefuata palepale. Kwa hiyo usiku mzima ni kupokezana zamu za nyota, na wingu likitanda unarudi kwenye mawimbi. Mwongozaji husinzia dakika chache, akaamka kuuliza mwendo na upepo, akasinzia tena. Akilala usingizi wa kweli, kamba ya hesabu imekatika, na hakuna mtu wa kuiunga.

Sisi wa pwani hii tuna undugu na elimu hiyo, ingawa ni wa mbali. Mirengu ya ngalawa zetu, wanahistoria wengi wanaihusisha na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, watu walioacha lugha yao Madagaska. Watu wa asili hiyohiyo walikwenda upande wa pili wakafika Tahiti na Hawaii. Anayeifunga mirengu ya ngalawa kule Kizimkazi au Mafia anashika ncha moja ya kazi ambayo ncha yake nyingine iko Satawal.

Lakini nilitaka kueleza usiku wa mwisho. Visiwa vile vya matumbawe vimezungukwa na miamba inayolingana na maji. Bougainville alipopita mwaka 1768 aliviita visiwa vya hatari. Gizani dalili ya kwanza huenda ikawa mlio wa wimbi linalovunjika, na ukiusikia karibu umeshachelewa. Basi katika usiku ambao kila mtu ana hamu ya kufika, mwongozaji stadi ndipo anapopunguza tanga. Anasubiri ndege. Buabua weupe hulala nchi kavu: alfajiri wanatoka kisiwani kwenda kuvua, jioni wanarudi. Jioni wafuate, alfajiri elekeza omo kule wanakotokea. Kanuni ni nyepesi, mtoto anaweza kuikariri.

Mwaka 1980 ilikuwa zamu ya Nainoa Thompson, kijana wa Hawaii, kukiongoza chombo kilekile mpaka Tahiti. Miaka miwili kabla yake Hōkūleʻa ilikuwa imepinduka katika mlango wa Molokai, na baharia wake Eddie Aikau, aliyeondoka juu ya ubao wake wa kuteleza mawimbini kwenda kutafuta msaada, hakuonekana tena. Nainoa alimwendea Mau akamwomba amfundishe, na Mau, ambaye mila ya kwao haikumruhusu kumpa mgeni elimu hiyo, alikubali. Safari hii mwanafunzi ndiye aliyeongoza. Mwalimu alipanda kama msafiri, asiingilie ila pakiwa na lazima.

Wakafika eneo la Tuamotu. Buabua walikuwa wameshaonekana, kwa hiyo nchi haikuwa mbali. Usiku ulipita, na kulipokucha watu wote walikodoa macho kusini, ambako ndege walitarajiwa kutokea. Hapakuwa na kitu. Kisha buabua mmoja akaonekana akiruka kutoka kaskazini kwenda kusini. Nainoa akaitumia kanuni: asubuhi ndege anatoka kisiwani, huyu anatoka kaskazini, basi usiku tumekipita kisiwa, kiko nyuma yetu. Akaamuru chombo kigeuzwe. Wakarudi kaskazini saa nzima, na bahari ilikuwa tupu.

Hapo Mau alisimama. Alimwambia ageuze tena, amfuate yule ndege. Hakueleza kwa nini. Baada ya kwenda kusini saa moja hivi, akapanda ukingoni mwa chombo na kusema kisiwa kile pale. Wenzake, vijana wenye macho mazima, walitazama kule alikoonyesha na hawakukiona.

Nainoa amesimulia hadharani mara nyingi kilichokuwa kimemponyoka. Ndege yule alikuwa na kisamaki mdomoni. Ulikuwa msimu wa kulea makinda. Alikuwa ametoka mapema zaidi ya wengine, ameshavua, na sasa alikuwa anarudisha chakula nyumbani kabla hajajishibisha mwenyewe. Kanuni haikuwa na kosa. Ilikuwa na sehemu ya pili, na sehemu hiyo ilikuwa na ukubwa wa kidole, ikipita angani juu ya bahari yenye mawimbi, mbele ya macho ya watu waliokesha.

Jicho hilo linastahili sifa zote, na bado mimi namsifu Mau zaidi kwa ile saa moja ya kwenda kaskazini. Alishamwona samaki. Alijua chombo kinakwenda kombo, na alijua kwamba kila dakika ingepaswa kulipwa kwa kurudi. Alikaa kimya, akaliacha kosa likomae mpaka mwanafunzi mwenyewe aone kwamba bahari ni tupu, na akasema pale tu ambapo kuendelea kunyamaza kungewapoteza. Kupima hilo ni kugumu kuliko kupima nyota, maana nyota haina aibu wala haina haraka. Angesema mapema, Nainoa angefika salama na angebaki akiijua kanuni nusu, akiwa na uhakika kwamba anaijua yote.

Mwezi Machi 2007, Mau, wakati huo mgonjwa wa kisukari, aliwafanyia Nainoa na Wahawaii wengine wanne pwo huko Satawal, sherehe ya kumtambua mtu kuwa bingwa wa kuongoza vyombo. Mau alifariki Julai 2010, na wengi wa hao aliowaachia kazi wamekwisha kuwa na wanafunzi wao.