Pongezi kwa Warushaji Maputo
Jua lilipopatwa huko Marekani tarehe 8 Aprili 2024, wanafunzi wa mradi wenye makundi zaidi ya 50, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana kwa ufadhili wa NASA, walirusha maputo ya heliamu, wengine kila saa, usiku na mchana, ili wapime joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Puto likipaa hutanuka, hata likikaribia kilomita 30 hupasuka, na kisanduku cha ala huteremka kwa mwavuli. Lakini sehemu inayonivutia zaidi ni ile ya kukitafuta: kuifuata ishara ya redio barabara hadi barabara, kumbishia hodi mwenye shamba kwa adabu, kisha kukitwaa kisanduku majanini, kamba zimejisokota, picha za angani zi salama. Vijana hawa, wallahi, wanastahiki pongezi zetu zote.