Sam Ntiro: Mchoraji wa Wakati wa HU-

Sam Joseph Ntiro (1923–1993) alizaliwa Uchagani, kwenye mitelemko ya mlima Kilimanjaro, na sehemu kubwa kabisa ya picha alizozichora katika maisha yake ilirudi huko. Alisoma Kampala na London, akafundisha Makerere, akawa balozi, akashika madaraka ya utamaduni katika serikali ya nchi yake, na hatimaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walakini miji hiyo haikupata nafasi kubwa katika kazi yake. Mada zake ni watu wanaolima, wanaovuna, wanaojenga nyumba, wanaochanja kuni, wanaokwenda sokoni, na wanaopeleka pombe arusini. Jambo hili limesemwa mara nyingi, na kwa kawaida husemwa kwa sifa tupu au kwa dharau ya adabu: ama Ntiro ni mhifadhi wa mila za wazee wake, ama ni mtu aliyechora kama mtoto. Hukumu hizi mbili zina upungufu mmoja, nao ni kwamba hakuna hata moja inayoeleza jinsi picha zenyewe zilivyojengwa.

Hukumu ya utoto yafaa ipimwe kwanza, maana ndiyo iliyoenea zaidi. Ntiro alianza masomo Makerere mwaka 1944, chini ya Bibi Margaret Trowell, mwanzilishi wa mafunzo ya sanaa katika chuo kile. Bibi Trowell, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesoma shule ya Slade ya London, hakupenda kuwawekea wanafunzi wake picha za Ulaya mbele ili waziige. Njia yake mashuhuri ilikuwa kuwasimulia jambo kwa maneno, kisha kuwaacha kila mmoja achore alichokiona moyoni. Baada ya kufundisha kwa muda Makerere, Ntiro naye alikwenda Slade, akakaa huko tangu mwaka 1952 hadi 1955. Mkuu wa mafunzo ya shule hiyo wakati ule alikuwa William Coldstream, mchoraji aliyejulikana kwa kumpima kwa jicho mtu aliyeketi mbele yake, na kwa kuacha alama ndogo za vipimo juu ya turubai. Basi mtu aliyeishi miaka mitatu katika shule ya namna hiyo hakukosa kuambiwa jinsi ya kuuchora mkono, uso na kivuli. Aliporudi Makerere alichora vilevile alivyochora kabla ya safari. Mtoto huchora hivyo kwa sababu hajui njia nyingine. Ntiro alizijua njia mbili akachagua moja, na mhakiki anapaswa kuuliza aliichagua kwa ajili ya kusema nini.

Picha yake iliyofika mbali zaidi ni ile ya mwaka 1956, ambayo jina lake la Kiingereza likitafsiriwa ni Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Arusi Usiku. Ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ni turubai ndogo, ya kuchukulika kwapani. Kinachofaa kutazamwa kwanza ni jina lake. Wanaume hawatajwi ni nani. Bibi arusi hatajwi ni binti wa nani. Mwaka hautajwi, wala kijiji, wala kama arusi ile ilikuwa ya heri au ya matata. Kilichotajwa ni tendo, watendaji kwa jumla yao, kitu kinachochukuliwa, anayepelekewa, na saa ya siku. Kila Mchagga wa wakati ule angeyajua mengine yote bila kuambiwa: ya kuwa pombe ile ni mbege, ipikwayo kwa ndizi na ulezi, ya kuwa haipelekwi na mtu mmoja, na ya kuwa ndoa isiyo na mbege ilikuwa kama maneno yasiyo na shahidi.

Namna ya kuchora inalingana na jina. Katika kazi za Ntiro watu ni wadogo, nao ni wengi. Nyuso zao hazina alama za kuwatofautisha. Migongo huinama kwa pembe moja, mikono huinuka kwa kipimo kimoja, na migomba na miti mingine hupangwa kwa nafasi zinazorudiarudia mfano wa mapigo ya ngoma. Hakuna mtu mkuu aliyewekwa katikati ili wengine wamzunguke. Jicho la mtazamaji halipati mahali pa kutua juu ya mtu, hivyo hulazimika kulifuata tendo kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine.

Wahakiki waliozoea mwono wa Ulaya wa masafa, ambao hupunguza vitu kadiri viendavyo mbali, wamelihesabu hilo kuwa kosa. Lakini yafaa kukumbuka mtazamo wa mtu aliyekulia mtelemkoni. Uchagani aliye mbali hayuko nyuma ya aliye karibu; yuko juu yake au chini yake. Nyumba ya jirani huonekana juu ya paa la nyumba hii, na shamba la mwingine huonekana chini ya miguu. Uso wa picha za Ntiro, ambao huwapanda watu mstari juu ya mstari hadi karibu na ukingo wa juu, unakaribiana sana na uso wa mlima wenyewe.

Ufunguo wa jambo hili, hata hivyo, waweza kupatikana katika lugha kuliko katika mandhari. Mwaka 1953, Ntiro akiwa mwanafunzi wa London, kilitolewa mjini Nairobi kitabu chake kidogo cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wachagga. Ni mara chache mchoraji mashuhuri wa Afrika ya Mashariki kuwa pia mwandishi wa desturi za watu walewale anaowachora, na ni ajabu kwamba kazi hizi mbili hazisomwi pamoja. Aelezaye desturi kwa Kiswahili hana budi kutumia kiambishi kimoja kuliko vyote, nacho ni hu-. Wanaume hujenga, wanawake hukata majani, wazee huketi, bwana arusi hupeleka.

Kiambishi hiki kina tabia tatu zinazojulikana na kila mwanafunzi wa sarufi. Kwanza, hakipokei kiambishi cha nafsi: mimi hulima, wewe hulima, wao hulima, kitenzi hakibadiliki, na mtendaji hupotea ndani ya tendo. Pili, hakionyeshi wakati mmoja maalum. Tendo halikutokea jana wala halitokei sasa, bali ndivyo mambo yalivyo. Tatu, hakina umbo lake la kukanusha. Akanushaye “hulima” hulazimika kuazima umbo la wakati mwingine, akasema “silimi” au “halimi”, na mara ile nafsi iliyokuwa imepotea hurejea ndani ya kitenzi.

Picha za Ntiro zimechorwa katika hu-. Uso usio na alama ni kitenzi kisicho na nafsi. Kivuli kisichoonyesha saa, na nguo zisizoonyesha mwaka, ni tendo lisilo na wakati maalum. Kwa hiyo kumdai achore sura ya mtu fulani ni sawa na kumdai mwandishi wa desturi ataje kwa jina kila aliyepata kulima. Hilo si kosa la mkono, ni sarufi ya kazi yenyewe, na ndani ya sarufi hiyo Ntiro ni fundi wa kweli. Wengi waliomfuata, wakachora vijiji kwa ajili ya kuwauzia wageni, walichukua nyuso zisizo na alama bila kuchukua mapigo ya tendo. Matokeo yake ni picha za watu waliosimama tu, na hu- isiyo na kitenzi haisemi neno.

Tofauti huonekana wazi akilinganishwa na Mchagga mwenzake wa Makerere, Elimo Njau. Mwaka 1959 Njau alimaliza michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa la Murang’a, ambalo wakati ule mji wake uliitwa Fort Hall, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Michoro hiyo inaonyesha maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, katika milima na miti ya nchi ya Wakikuyu. Huko pia kuna mashamba, na mitelemko, na watu wa kijijini. Lakini wakati wake ni -li-: alizaliwa, alibatizwa, alisulubiwa. Jambo lilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, na baada yake ulimwengu haukuwa kama zamani. Wasanii hawa wawili, waliotoka mlima mmoja na chuo kimoja, waliushika uzuri wa kijiji kila mmoja kwa wakati wake wa kitenzi.

Hapa ndipo gharama ya njia ya Ntiro inapodhihirika, na haifai kufichwa kwa heshima ya jina lake. Tabia ya tatu ya hu- ni kwamba haikatai. Katika kijiji cha Ntiro hakuna asemaye “silimi”. Lakini Uchagga wa miaka aliyokuwa akiuchora ulijaa watu waliosema hivyo hasa. Kahawa ilikuwa imekwisha kuingiza fedha ndani ya migomba, na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa na nguvu tangu mwaka 1933. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, vilikuwa vimegawanywa baina ya wana hata vingine havikugawanyika tena. Mwaka 1952 Wachagga walimtawaza Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu baada ya mabishano makali, na mwaka 1960 wakapiga kura ya kuuondoa umangi mkuu. Ni watu waliobishana, wakashtakiana na wakachagua. Katika picha hawabishani. Mwanamke anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng’ombe kutoka tambarare yumo kwenye mstari, mzigo wake umo katika mapigo, lakini uzito wake haumo.

Jambo hili halikubaki la sanaa peke yake. Mwaka 1962 Julius Nyerere, ambaye naye alikuwa Makerere hadi 1945, alitoa insha yake juu ya ujamaa, na hoja yake mojawapo kubwa ilikuwa kwamba katika jamii ya Kiafrika ya kale kila mtu alikuwa mfanyakazi. Hoja hiyo inafanana sana na kijiji ambacho Ntiro alikuwa amekwisha kukichora miaka kadhaa kabla: wote kazini, hakuna bwana, hakuna mvivu. Ntiro mwenyewe alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London tangu mwaka 1961 hadi 1964, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa walioongoza mambo ya utamaduni nchini. Miaka ya 1970 ilipofika, sentensi za hu- juu ya kijiji zilikuwa zimegeuzwa na watawala kuwa sentensi za amri, na mamilioni ya watu wakahamishiwa vijijini, wengi wao bila hiari. Kuibebesha picha ndogo ya mbege lawama ya mambo hayo ni upuuzi. Lakini mhakiki hawezi kuacha kuona kwamba njia mojawapo ya kumfanya mtu ahamishike ni kumwona kwanza kama asiye na nafsi ya kukanusha.

Pamoja na hayo, kuna la kusemwa kwa upande wa Ntiro, nalo ni zito. Alichora kijiji hiki akiwa mbali nacho, katika miaka ambayo wageni walikwisha kumchora Mwafrika mara nyingi kama sura: uso wa ajabu, pambo la ajabu, mtu wa kutazamwa. Yeye aliwanyima watazamaji uso huo. Aliyeitazama picha yake London au New York hakupata mtu wa kumstaajabia, alipata kazi ya kuielewa. Wanaume wale wanapeleka pombe. Kwa nini usiku. Kwa nini wengi. Ni nani anayeingoja? Majibu yako Uchagani. Kuuficha uso kulikuwa pia namna ya kuulinda.

Kwa sababu hiyo swali la haki kuhusu kazi ya Ntiro si kama alijua kuchora, wala kama aliipenda nchi yake. Yote mawili yamekwisha kujibiwa. Swali ni kipi kijiji kinaweza kusema kwa hu- na kipi hakiwezi. Ntiro alikisemesha kila kinachowezekana katika wakati huo: mpangilio, ushirika, subira, na furaha ya mikono mingi. Kisichowezekana aliwaachia wengine. Desturi za Wachagga ikiwekwa mezani kando ya picha zake, na mtu wa Kilimanjaro akaulizwa kuzieleza kwa maneno yake mwenyewe, hapana shaka atakuja kutaja jina la mjomba aliyewahi kukataa kuubeba mtungi. Hapo uchunguzi wa picha hizi utakuwa umeanza.